Kura yangu inaingia wapi? Jibu kwa Mtanzania aliyeko Leicester

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nina miaka miwili hapa Leicester, nahudumia wazee kwa viza ya kazi. Majuzi imekuja barua ya halmashauri inataka majina ya watu wa nyumba hii wenye haki ya kupiga kura. Ninayeishi naye ni dada wa Kikongo, na yeye anasema tuitupe, ni mtego wa uhamiaji. Kanisani nako nimesikia kwamba sisi Watanzania tunaruhusiwa kupiga kura huku. Ni kweli? Na kama ni kweli, nampigia nani? Mfalme hachaguliwi, mawaziri wakuu wanapokezana wenyewe kwa wenyewe, katiba nasikia hawana. Sasa kura yangu inaingia wapi?"

Marahaba mwanangu. Barua msiitupe.

Ni kweli, unaruhusiwa. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliyefikisha miaka 18 na anayeishi Uingereza kihalali, awe na viza ya kazi, ya masomo au ya familia, anapiga kura katika kila uchaguzi: wa madiwani, wa meya, na uchaguzi mkuu wa wabunge. Huhitaji pasipoti yao, wala hakuna idadi ya miaka ya kusubiri. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, na Rwanda imo tangu 2009 ingawa haikuwahi kuwa koloni la Mwingereza. Burundi, Kongo, Somalia na Oman hazimo. Kwa hiyo katika nyumba yenu moja, mnaolipa kodi ile ile na pengine mnafanya zamu zile zile, wewe una kura na mwenzako hana. Naona si haki, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Chanzo chake ni dola ya kikoloni. Enzi hizo kila aliyezaliwa katika makoloni yao alihesabiwa kuwa mtu wa mfalme, na akifika London na kutimiza masharti mengine, alikuwa mpiga kura kama mwenyeji. Ndiyo maana mwaka 1892 Dadabhai Naoroji, Mhindi, aligombea ubunge pale pale London katika jimbo la Finsbury Central, akashinda kwa kura 5. Makoloni yakaja kupata uhuru mmoja mmoja, haki ile ikabaki kwenye sheria mpaka leo. Mji wako wenyewe unaijua historia hii. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huko. Walikuja kwa maelfu, wakafungua maduka, wakaingia kwenye daftari la wapiga kura. Leo ni vigumu kumpata mgombea wa Leicester asiyepita Belgrave Road, mtaa wa maduka ya Waasia, kuomba kura.

Kuhusu huo mtego anaousema mwenzako: halmashauri hutuma barua hiyo kwa kila nyumba kila mwaka ili kusafisha daftari, na kuipuuza ndiko kunakoweza kukuletea matatizo, kwa sababu sheria inaruhusu faini ya hadi pauni 1,000 kwa asiyejibu. Ijibu kwa ukweli. Andika jina lako na uraia wako, na la mwenzako usiliandike kwenye orodha ya wenye haki ya kura, maana kutoa taarifa ya uongo hapo ni jinai. Afisa mwandikishaji anaweza kutaka uthibitisho wa uraia au kibali chako. Unacho, utamwonesha. Kumbuka pia kwamba kujibu barua siyo kujiandikisha. Kujiandikisha kila mtu hufanya mwenyewe, kwenye tovuti ya serikali, akiwa na namba yake ya bima ya taifa. Kuna na faida ambayo watu wetu wengi huigundua kwa kuchelewa: kampuni zinazopima kama unaaminika kukopeshwa hulitazama daftari hilo hilo. Mtu hayumo, kisha anashangaa kwa nini ananyimwa hata mkataba wa simu.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, kura inaingia wapi. Njia nzuri ya kulijibu ni kuifuata karatasi yako tangu unapoishika mpaka mwisho wake.

Nimekaa karani wa kituo cha kupigia kura katika chaguzi kadhaa huku. Uchaguzi mkuu huwa Alhamisi, kwa mazoea tu. Kituo kinaweza kuwa shule, ukumbi wa kanisa, maktaba, hata baa. Kabla ya saa 1 asubuhi msimamizi anatuonesha sanduku lilivyo tupu, kisha analifunga na kulitia lakiri, na halifunguliwi tena mpaka kwenye ukumbi wa kuhesabia baada ya saa 4 usiku. Mpiga kura anaingia, anataja jina na anwani, anaonesha kitambulisho chenye picha, tunapiga mstari kwenye jina lake, anapewa karatasi. Hachovywi kidole kwenye wino. Askari humwoni mlangoni. Ndani ya kijumba cha kupigia kura utakuta penseli imefungwa kwa uzi. Mara ya kwanza penseli ile ilinitia wasiwasi sana: huko nilikotoka, kura iliyoandikwa kwa kitu kinachofutika ingezua zogo. Ruhusa ipo ya kutumia kalamu yako ukitaka. Lakini nilipokaa pale kutwa nzima nikaelewa kwamba kinachoilinda kura ni lile sanduku lisiloondoka machoni pa watu, na wale mawakala wa vyama wanaosimama kando ya meza za kuhesabia wakiangalia kila karatasi.

Itazame hiyo karatasi kwa makini, maana jibu lako limo. Kuna majina ya wagombea kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja na alama ya chama chake, na kisanduku cha kutia alama ya X. Ukimtafuta mgombea wa uwaziri mkuu, hayumo. Rais hawana, na mfalme hagombei. Unachagua mbunge mmoja wa jimbo lako, basi. Kwetu siku hiyo unapewa karatasi kadhaa, ya rais, ya mbunge, ya diwani. Huku siku ya uchaguzi mkuu kuna ya mbunge tu, na serikali nzima hutokana na hiyo.

Majimbo ni 650. Katika kila jimbo anayepata kura nyingi kuliko mwingine ndiye mshindi. Si lazima afike nusu, na hakuna duru ya pili. Wa pili harudi na kitu, hata angeshindwa kwa kura moja. Ukiona ni maneno ya darasani, chukua Leicester yenu usiku wa tarehe 4 Julai 2024. Chama cha Labour kilikuwa kinazoa nchi nzima. Leicester ina viti vitatu, vyote ngome zao za miaka mingi, na usiku huo huo wakapoteza viwili. Leicester South, Jonathan Ashworth, aliyetarajiwa kabisa kuingia kwenye baraza la mawaziri, aliangushwa na mgombea binafsi, Shockat Adam, kwa kura 979. Leicester East kura za waliokuwa wakiiunga mkono Labour ziligawanyika kati ya mgombea rasmi na wabunge wawili wa zamani wa chama hicho waliogombea kivyao, ndipo Shivani Raja wa chama cha Conservative akapita katikati kwa chini ya theluthi moja ya kura. Hicho kikawa kiti pekee Conservative walichoinyang'anya Labour nchi nzima. Mjini kwenu basi, mtu aliyetoka kazini saa 2 usiku na kupitia kituoni kabla hakijafungwa alikuwa anaamua jambo zito.

Kuna majimbo ambako ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Hendon, kaskazini mwa London, mwaka huo huo ilipatikana kwa kura 15. Winchester mwaka 1997 tofauti ilikuwa kura 2. Aliyeshindwa akaenda mahakamani, uchaguzi ukarudiwa, na safari ya pili mshindi wa awali akapita kwa kura 21,556. Wapiga kura walimkasirikia aliyekataa matokeo, na walisema hivyo kwa penseli.

Jumla yake ndipo penye ubishi. Mwaka 2024 Labour walipata takriban asilimia 34 ya kura zote nchini, wakapata viti 411, yaani zaidi ya asilimia 63 ya Bunge. Reform UK walipata kura milioni 4 na ushei, wakaambulia viti 5. Liberal Democrats, wenye kura milioni 3 na nusu, chini ya Reform, wakapata viti 72, kwa sababu kura zao zilijazana katika majimbo machache badala ya kutawanyika nchi nzima. Mwaka 1951 Labour walipata kura nyingi kuliko Conservative na bado wakatoka madarakani. Februari 1974 ikawa kinyume chake: Conservative walipata kura nyingi kuliko Labour, na wao ndio wakatoka. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karibu asilimia 68 ya waliojitokeza wakasema hapana.

Mimi naona utaratibu huu unawadhulumu mamilioni ya watu, na nimewaona wanafunzi wangu wakikata tamaa wanapoziona namba hizo kwa mara ya kwanza. Wapo wanaoishi katika majimbo ambayo hayajabadilika tangu bibi zao walipokuwa wasichana. Lakini kuna kitu kimoja unachokupa ambacho nisingependa kukipoteza: una mtu mmoja, mwenye jina na ofisi, ambaye ni wako. Hiyo ndiyo sehemu ya siasa za Uingereza ambayo wageni kutoka kwetu hawaitumii, na nitairudia.

Hao 650 wanakaa katika Baraza la Makabwela. Jina hilo la Kiswahili nalipenda, kwa sababu linasema ukweli: lilikuwa baraza la watu wa kawaida mbele ya lile la mabwana wakubwa. Ukilitazama kwenye televisheni utaona siwa mezani mbele ya Spika, kama ile ya Dodoma. Sisi tuliirithi kwao, tukaipa jina la pembe la masultani wa pwani. Anayeweza kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya baraza hilo, mfalme anamwita na kumpa uwaziri mkuu. Basi hapo ndipo kura yako inapofika: umemchagua mmoja, yeye na wenzake ndio wanaomweka waziri mkuu na ndio wanaoweza kumtoa. Usiku wa tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja. Uchaguzi ukaitishwa, akaingia Margaret Thatcher.

Na ndiyo maana wanaweza "kupokezana wenyewe kwa wenyewe", kama ulivyosema. Mwaka 2022 peke yake nchi ilikuwa na mawaziri wakuu watatu bila uchaguzi mkuu hata mmoja. Boris Johnson mawaziri wake walijiuzulu mfululizo mpaka akabaki hana wa kufanya naye kazi. Akafuata Liz Truss, aliyechaguliwa na wanachama wa Conservative kwa kura 81,326, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 67. Akatangaza punguzo kubwa la kodi bila kueleza fedha zitatoka wapi, soko la fedha likatetereka, wabunge wake wakamkimbia; alidumu siku 49. Oktoba 25 akaingia Rishi Sunak, ambaye mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya, na yeye hakupigiwa kura hata na wanachama, kwa kuwa alibaki mgombea peke yake. Kisheria yote yalikuwa sawasawa, kwa sababu wabunge ni wale wale waliochaguliwa 2019. Wengi walihisi wameibiwa, na ninawaelewa. Ila tazama upande wa pili pia: kiongozi aliyevuruga uchumi aliondolewa ndani ya wiki saba, bila risasi na bila kusubiri miaka mitano. Ukomo wa Bunge ni miaka mitano, na ndani yake waziri mkuu anaweza kuomba uchaguzi wakati wowote anaouona unamfaa.

Katiba wanayo. Ambacho hawana ni kitabu kimoja kinachoitwa Katiba, ambacho unaweza kukinunua dukani kama chetu. Yao imetawanyika: sheria za Bunge za karne nyingi, hukumu za mahakama, na mila ambazo hazijaandikwa popote lakini wote wanaziheshimu. Magna Carta ya 1215 ilimlazimisha mfalme kukiri kwamba naye yuko chini ya sheria. Sheria ya Haki ya 1689 ikasema mfalme hawezi kutoza kodi wala kufuta sheria bila Bunge. Mwaka 1832 haki ya kura ilianza kupanuliwa, 1918 wanaume wote wakaipata pamoja na wanawake wenye zaidi ya miaka 30 waliotimiza masharti ya mali, na usawa kamili wa wanawake ukaja 1928. Bibi mzee kabisa katika makao unayofanyia kazi, mama yake huenda alizaliwa bila haki ya kura.

Mila nayo ina nguvu yake. Kwa maandishi, hakuna muswada unaokuwa sheria mpaka mfalme auridhie. Kwa mila, haukatai. Wa mwisho kukataa alikuwa Malkia Anne, mwaka 1708. Baraza la Malodi, ambalo wajumbe wake hawachaguliwi na ambamo maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wana viti, liliwekewa mipaka na sheria za 1911 na 1949: linaweza kuchelewesha muswada kwa kiasi cha mwaka mmoja, na wa fedha mwezi mmoja tu. Kazi yake nzuri ni kuupitia muswada mstari kwa mstari, na huifanya vizuri kuliko makabwela wenyewe. Kama isingekuwa hivyo ningesema livunjwe kesho.

Juu ya yote hayo kuna kanuni moja inayowapa tabu wanafunzi wangu wote kutoka nchi zenye katiba za kitabu: Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho. Mahakama haiwezi kuifuta sheria iliyotungwa na Bunge. Mfano wake ulifika mpaka kwa jirani zetu. Serikali ya Conservative ilitaka kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi wanaoingia kwa mashua kutoka Ufaransa. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema mpango huo si halali, kwa kuwa kuna hatari watu hao kurudishwa kutoka Rwanda hadi kule walikokimbia. Serikali ikapeleka muswada bungeni unaotamka kwamba Rwanda ni nchi salama, na kwamba mahakama na maofisa wote lazima waihesabu hivyo. Malodi wakaurudisha, makabwela wakaupeleka tena, mara kadhaa, mpaka Aprili 2024 ukawa sheria. Majaji walichunguza ushahidi wakaamua hivi, Bunge likaandika vile, na la Bunge ndilo lililosimama. Julai mwaka huo huo wananchi wakapiga kura, serikali ikabadilika, mpango ukafutwa, kwa sababu Bunge moja haliwezi kulifunga mikono linalofuata. Nguvu ya namna hiyo inanitisha, na ninadhani inapaswa kumtisha yeyote aliyekulia penye chama kimoja kinachoshika kila kitu. Kizuizi chake kikubwa ni kile kisanduku cha X.

Usifikiri lakini kwamba mahakama zimelala. Kinacholindwa pale ni sheria ya Bunge, siyo kitendo cha serikali. Mwaka 2019 Boris Johnson alimshauri Malkia alisimamishe Bunge kwa wiki tano, wakati mjadala wa kujitoa Umoja wa Ulaya umepamba moto. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba ule usimamishaji ni batili, ni kama haukuwahi kutokea. Wabunge wakarudi kazini kesho yake. Waziri mkuu alizuiwa kulinyamazisha Bunge. Bunge lenyewe asingelizuia mtu.

Hapa niseme neno juu ya Kiswahili chetu, maana kinatuchanganya. Tunasema "Uingereza" tukimaanisha England, na tunasema "Uingereza" tukimaanisha muungano wote wa England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Kwa Mtanzania kuelewa si kazi kubwa: Zanzibar ina serikali na Baraza la Wawakilishi vyake, Tanzania Bara haina, mambo yake yako mikononi mwa Serikali ya Muungano. Ndivyo ilivyo huko. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina mabunge yao yanayoshughulikia afya na elimu. England haina lake. Na sheria za kura hazifanani. Scotland na Wales, katika chaguzi zao wenyewe na za halmashauri, wanapiga kura kuanzia miaka 16, na raia wa nchi yoyote anayeishi kihalali anaruhusiwa. Dada yako wa Kikongo akihamia Glasgow kesho, atamchagua diwani wake na mbunge wa Bunge la Scotland, ingawa wa London bado hatamchagua.

Sasa yule mtu wako mmoja. Wabunge wengi hutenga siku, mara nyingi Ijumaa au Jumamosi, kukutana na watu wa jimbo ana kwa ana. Kiingereza cha huko huviita vikao hivyo "surgery", jina lile lile la chumba cha daktari, na kwa kweli ndivyo vilivyo: unakaa kwenye benchi na namba yako, jirani yako ana shida ya nyumba yenye ukungu, mwingine barua ya viza haijajibiwa miezi minane. Nimewasindikiza watu wengi huko. Mmoja alikuwa mama aliyekuwa amempigia simu mwajiri wake mara nyingi kuhusu karatasi za kuongeza viza bila kupata jibu. Barua moja yenye nembo ya Bunge ilitoka ofisi ya mbunge, na wiki iliyofuata alijibiwa. Mbunge hakuwa na uwezo wa kuamuru chochote. Aliuliza tu, kwa maandishi, na mbunge akiuliza watu hujibu. Na hapa msikilize mwenzako: haki ya kumwendea mbunge haitegemei kura. Mbunge anawahudumia wakaaji wote wa jimbo, Mkongo na Mtanzania na Msomali. Utakachotakiwa kutoa ni anwani yako.

Kuna mambo hatakusaidia. Bungeni kila chama kina wanadhimu wanaohakikisha wabunge wao wanapiga kura kama walivyopangiwa, na barua yako nzuri haitawashinda wanadhimu mara nyingi. Maombi ya saini kwenye tovuti ya Bunge nayo yana kipimo chake: zikifika saini 10,000 serikali inatoa jibu, zikifika 100,000 huangaliwa kama yajadiliwe. Mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 6 walisaini kutaka nchi isijitoe Umoja wa Ulaya. Ilijitoa. Kubwa zaidi ni kumwondoa mbunge aliyehukumiwa kifungo: asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo wakisaini ndani ya wiki sita, kiti kinakuwa wazi. Peterborough walifanya hivyo 2019, mbunge wao alipofungwa kwa kudanganya kuhusu kosa la mwendo kasi.

Nami ningekuwa wewe, jicho langu ningelielekeza zaidi kwenye halmashauri. Halmashauri ya jiji la Leicester ndiyo inayolipia matunzo ya wazee wengi wasio na uwezo wa kujilipia, na bei inayokubali kulipa kwa wiki ina mkono mkubwa kwenye idadi ya wahudumu mnaopangwa zamu ya usiku. Unapobaki wawili kwa ukumbi mzima, jambo hilo lilipita kwanza kwenye bajeti iliyopigiwa kura na madiwani, chini ya meya ambaye Leicester imekuwa ikimchagua moja kwa moja tangu 2011. Uchaguzi wa madiwani huku watu hawaujali; kata nyingi huwa theluthi moja tu wanajitokeza, na kiti huamuliwa kwa kura chache. Wahudumu wa wazee wa kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Zimbabwe, Nigeria na India katika kata moja ya Leicester, wakijiandikisha wote, diwani atawajua kwa majina.

Sasa mambo ya kufanya. Jiandikishe mapema, mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na zamu zako za saa kumi na mbili mfululizo zitakusahaulisha. Kituo kinafungwa saa 4 usiku, lakini kama unajua ratiba yako haitabiriki, omba kura ya posta, utaipiga jikoni kwako na kuituma. Ukienda kituoni, pasipoti ya Tanzania inakubalika kama kitambulisho kwa kuwa ni ya nchi ya Madola, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Asiye na kitambulisho kinachokubalika anaomba cheti cha mpiga kura kwenye halmashauri, bure. Kadi ya mpiga kura utakayoletewa kwa posta inakueleza tu kituo kilipo; ukiisahau nyumbani ingia hivyo hivyo. Pasipoti usiisahau.

Na ile barua, kwenye nafasi ya uraia, andika Tanzania.